Karama ya Tahiru

Koboko, 6 Februari 1977

Dada Hawah,

Assalaam alaikum. Huku sote wazima, ila mguu wa Haboba, ambao siku hizi unajiamulia wenyewe lini utembee. Asubuhi bibi yetu hawezi kusimama, mchana ukimtafuta yuko kwa jirani anagombana kuhusu kuku. Mume wangu Asuman anakusalimu. Cherehani yake imepona, anashona sare za shule. Mtama ulikuwa mzuri, ufuta ndio umetuangusha.

Sasa kaa chini. Nina mimba. Usipige kigelegele huko Arua, maana sijamwambia mtu ila Asuman na Haboba, na huyo Haboba ndiye aliyeniambia mimi. Unajua niliyoyapitia. Wa kwanza alitoka kabla ya wakati wake. Wa pili alizaliwa mzima humu chumbani, akalia mara moja, halafu mimi nikamwaga damu mpaka nikaanza kumwona mama yetu marehemu amekaa mlangoni. Nilipozinduka mtoto alikuwa ameshazikwa. Dada, naogopa. Nakuambia wewe wazi kwa sababu hapa nikilitaja jambo hilo wanawake wananiziba mdomo, eti naita balaa.

Utasema niende nyumba ya wazazi, ile ya kujifungulia. Ipo, bati linang'aa, na vitanda vimekaa bila watu. Nani aende? Mkunga aliyekuwepo alikuwa akiwafukuza mama wakwe mlangoni, na kondo la nyuma alikuwa akilitupa kwenye shimo la takataka pamoja na pamba chafu. Mtoto ambaye kondo lake halikuzikwa uani kwao, huyo atasema kwao ni wapi? Haboba anasema heri mtu afie nyumbani, na Haboba unamjua, hayo hayasemi kwa utani.

Lakini mkunga yule amehamishwa. Amekuja mwingine, Driwaru, Mlugbara wa Pajulu, mfupi, mwenye sauti nene. Wiki iliyopita alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Mimi nataka wazazi wenyewe waniambie wanaogopa nini. Baba na mama, wote. Mukinyamaza, mimi nitatengeneza nini?" Watu walimtazama tu. Nani siku hizi anaulizwa anaogopa nini, akajibu?

Wewe ni mkunga, umesoma. Niambie tufanyeje ili nyumba ile iwe mahali ninapoweza kulala bila kutetemeka. Na shemeji Tahiru hajambo? Barua yako ya mwisho hukumtaja, wala hakuchora saini yake ya madaha chini ya yako.

Mdogo wako,
Sadiya


Arua, 10 Machi 1977

Sadiya mdogo wangu,

Wa alaikum salaam. Mimi mzima. Mvua bado. Mpe Haboba pole ya mguu, mwambie asikandwe kwa maji ya moto sana.

Barua yako ilinifikia imefunguliwa na kugandishwa tena kwa ugali. Kuanzia leo usitie kitu posta. Mpe Ondoga, dereva wa lori la chumvi, yule mtu wa Vurra anayekuja huko kila akipata mafuta. Ni mtu wa kuaminika, haongei.

Nimefurahi kwa habari yako, na nimeogopa pia, sikufichi. Damu iliyokutoka mara ya pili inaweza kurudi. Usizae nyumbani. Hilo ni neno langu la kwanza na la mwisho.

Kuhusu Driwaru, yuko sahihi. Hapa wodini kwetu kina mama walikuja pale tu tulipowaruhusu wakae na mtu wao. Lakini wewe usiite mkutano. Hilo neno usilitumie hata jikoni. Hapa walimu watatu walikaa pamoja kupanga mechi ya mpira wa watoto, wakachukuliwa wakahojiwa, na mmoja aliporudi hataki tena kusalimiwa njiani. Mkitaka wanawake wakae pamoja waseme, fanyeni karama. Someni dua, pikeni, lisheni watu, na Driwaru aje kula kama wengine. Karama haiombewi kibali kwa mtu yeyote. Hapo hapo kwenye masufuria kila mama aseme lake.

Tahiru yuko kazini. Kazi ya forodha unaijua.

Ukimaliza kusoma, choma.

Hawah


Koboko, 17 Aprili 1977

Dada yangu mwenye akili,

Salamu zako zimefika na mguu wa Haboba umezikubali. Asuman ameniongezea nguo kiunoni, maana tumbo sasa linajitangaza lenyewe. Mtoto anacheza. Nikilala ubavu wa kushoto ananipiga, nikigeuka anatulia, basi ndiye bwana wa nyumba.

Karama tumeifanya Ijumaa, hapa uani kwetu. Ungeona! Wanubi wenzetu wote, na Wakakwa wa Kuluba nao wamekuja, Wakristo kabisa. Poni, rafiki yangu yule mwenye mwanya, alibeba mzigo wa kuni na mimba yake juu. Tulipika kisra, ile mikate yetu myembamba, na mchuzi wa mbuzi. Shehe aliposoma akaondoka, wanawake walibaki na masufuria na Driwaru katikati, amekunja mikono ya gauni, anakatakata vitunguu.

Mwanzoni walisifu mchuzi tu. Halafu Poni akasema, "Mimi iko na kitu moja tu. Mule ndani munazima taa, mutu anabaki na maumivu peke yake. Mimi naogopa giza." Basi, kama bwawa limebomoka. Huyu anataka mama mkwe wake, huyu hataki kabisa mama mkwe wake, anataka mama yake mzazi. Haboba akagonga fimbo akadai kondo. Driwaru hakukasirika. Alisema, "Leteni chungu cha kwenu kila mutu, na kifuniko. Mimi nitatia ndani, bibi atabeba mpaka nyumbani. Mbona hamukuniambia zamani?" Hata wanaume walioegemea ukuta walikubali kupeana zamu ya mafuta ya taa na maji. Dada, nilitaka kulia. Jambo dogo hivyo, na watu wamekufa kwa ajili yake.

Kitu kimoja tu. Alikuja mtu mmoja mwenye miwani myeusi, akasimama penye ua. Akauliza, "Hii karama iko ya nani?" Nikababaika. Kila karama ina mwenyewe anayeombewa, msafiri, mgonjwa au marehemu, na sisi hatukuwa tumepanga. Ulimi ukaniletea shemeji. Nikasema ni ya Tahiru, mume wa dada yangu. Akauliza, "Tahiru iko wapi?" Nikasema yuko Vurra, forodhani. Hakucheka, hakuandika. Akala sahani mbili akaenda zake. Mwambie shemeji amelisha mtaa mzima bila kujua, akija na yeye atulishe.

Mbona barua yako ilikuwa fupi hivyo?

Sadiya


Arua, 2 Mei 1977

Sadiya,

Sina salamu leo. Ulimi wako umenimaliza.

Tangu Januari sijamwona Tahiru. Walimchukua Vurra, kwenye kizuizi, mbele ya watu wa malori, wakamtia nyuma ya gari wakafunga. Ondoga aliona. Kosa lake sijui. Wengine wanasema alikataa kupitisha mzigo wa mkubwa fulani bila ushuru, wengine wanasema alichelewa kuukataa. Nilikwenda kuuliza mara moja. Niliambiwa nirudi nyumbani nishukuru kwamba bado nina kazi.

Sikumwambia mtu. Sikukuambia wewe. Ninapika chakula cha wawili. Ninafua mashati yake na kuyaanika ili majirani wayaone. Ninavaa lile gauni langu la maua. Eda sijakaa, kwa sababu kukaa eda ni kusema amekufa, na nikisema amekufa wataniuliza nimejuaje. Nikisema yuko hai wataniuliza yuko wapi. Kwa hiyo nasema yuko kazini.

Sasa jana mtu alikuja wodini, mikono yangu ikiwa ndani ya maji ya dawa. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Nyinyi mumesomea bwana yako karama Koboko. Nani amewaambia iko maiti?" Nilisema mdogo wangu ni mjinga, ana mimba, hajui asemalo. Akasema atarudi.

Ukiulizwa, sema ulikosea. Mkusanyiko usiwepo tena, wala karama, wala zamu ya mafuta. Waambie wanawake wabaki nyumbani kwao. Usinijibu mpaka nikuandikie.

Naogopa, Sadiya. Nikisikia gari nje nazima taa.

Hawah


Koboko, 3 Julai 1977

Dada,

Ulisema nisijibu. Nimejaribu mwezi mzima, nimeshindwa. Na barua yako yenyewe ilikaa sana njiani, Ondoga alikosa mafuta. Muda wote huo mimi nilikuwa nacheka na watu.

Nitakuambia nini? Pole haitoshi, na neno jingine huruhusiwi kuambiwa. Nimemlilia shemeji jikoni, nikikata vitunguu ili nipate sababu. Haboba alinitazama akajua. Hakuuliza, alichukua kisu akakata na yeye.

Nilifanya ulivyoniamuru. Niliwaambia wanawake wabaki nyumbani. Driwaru naye aliitwa ofisini akaulizwa kwa nini anakusanya watu. Nyumba ya wazazi ikawa tupu tena. Basi Poni alishikwa na uchungu kwao Kuluba, akabaki nyumbani kwa sababu mimi nilimwambia. Walipombeba kumleta kwa machela ya matawi, mtoto alikuwa ameshanyong'onyea. Poni ni mzima. Mtoto wamemzika. Alinishika mkono akasema, "Wewe usikae nyumbani. Wewe uende." Hakunilaumu, dada, na hilo ndilo linaloniwasha.

Sikiliza tulivyofanya sasa. Haboba alibeba kigoda chake akaenda kukaa pale barazani kwa mkunga. Alipoulizwa anafanya nini akajibu, "Nasukwa nywele." Na kweli anasukwa. Nywele zenyewe za kuhesabu, lakini anasukwa kutwa. Mama mmoja anasuka, mmoja anasukwa, basi. Huo si mkusanyiko. Wakitoka wao wanakuja wengine. Driwaru naye anakaa chini, anatoa kitambaa, anawapa kichwa chake, na maneno yote yanapita hapo hapo juu ya kichwa. Ndivyo alivyojua kwamba pazia linatakiwa, na kwamba wake wa askari hawaji kwa sababu wanaona haya mbele ya wengine. Naye anawafundisha: damu ikitoka, weka mkono juu ya tumbo, sugua kwa nguvu mpaka pawe pagumu, usiache hata mzazi akikutukana. Yule wa miwani myeusi hupita, huona wanawake wawili na kitana, huenda zake.

Mwezi wangu umekaribia. Sitaki kumwona tena mama yetu mlangoni. Njoo, dada. Njoo unishike tu mkono.

Sadiya


Arua, 24 Julai 1977

Sadiya wangu,

Assalaam alaikum, na salamu hizi nimeziandika polepole kwa sababu zile nilizokunyima mwezi wa tano zinanidai.

Siwezi kuja. Koboko iko mpakani, na mke wa mtu kama Tahiru akionekana kwenye lori linalokwenda mpakani, watasema anakimbia. Hawataishia kwangu. Watafuata hadi kitandani kwako.

Yule mtu alirudi mara mbili. Hakuuliza kitu. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa akala machungwa. Mimi nilizalisha watoto mbele ya macho yake bila kukosea. Nyumbani nilimaliza kiberiti kizima bila kuwasha jiko.

Nimempa Ondoga kifurushi ndani ya gunia la chumvi: glavu, uzi, wembe mpya, na chupa ndogo mbili za sindano ya kuzuia damu. Mpe Driwaru mkononi. Ziwekwe kwenye chungu cha maji, mahali pa baridi. Uchungu ukianza tu, nenda, usisubiri ukolee. Chungu chako cha kondo kitangulie, ili Haboba asipate sababu ya kukurudisha nyumbani.

Na hizo nywele za Haboba! Nimecheka, Sadiya. Nilicheka peke yangu chumbani, nikajisikia ninacheka, nikanyamaza.

Hujauliza kama nina matumaini. Ahsante kwa kutouliza.

Dada yako,
Hawah


Koboko, 16 Agosti 1977

Dada Hawah,

Alhamdulillahi. Ni mvulana, mzima, mweusi tititi, na masikio ya Asuman, maskini. Ramadhani inaandama kesho na mimi sifungi, nimekula uji mpaka nimechoka.

Nilikwenda uchungu ulipoanza tu, mchana. Haboba nyuma na chungu kichwani. Barazani Poni alikuwa anasuka mtu. Alitupa kitana akaingia na mimi. Mtoto akatoka salama, akalia, wala hakunyamaza kama yule wa kabla. Halafu nikasikia joto miguuni na nikaona uso wa Driwaru. Dada, niliijua ile damu. Nilitazama mlangoni nimtafute mama.

Na mlangoni kulikuwa na gari. Gari la yule mtu wa miwani, limesimama nje, injini inanguruma. Nilisema sasa basi, wanawake watakimbia, nitakufa hapa peke yangu. Hawakukimbia. Nilisikia Haboba huko nje anasema, "Endelea kusuka, mwanangu, usiniache nusu." Nilisikia ndoo za maji zinaingia, moja, nyingine, nyingine. Driwaru akachoma sindano yako. Poni akaweka mikono juu ya tumbo langu akasugua. Nilimtukana kwa Kinubi, nikamtukana mpaka wazee wa kwao, hakuacha. Alikuwa analia na anasugua. Damu ikasimama. Gari likaondoka, sijui lini.

Kondo limezikwa uani, karibu na mlimao. Haboba alilibeba mwenyewe na mguu wake ule.

Sasa sikiliza ya siku ya saba, siku ya jina. Nilikuwa nimeamua. Asuman alikubali. Mbuzi amechinjwa, shehe amekaa, na yule mtu akaingia na miwani yake, akaketi mbele. Akauliza, "Leo karama iko ya nani?" Nikasema ya mtoto. "Jina yake nani?"

Kila mtu alijua ni jina la shemeji. Mtoto akipewa jina la mtu, watu huuliza mwenyewe alikufa lini. Nilikuona wewe akilini, na gauni lako la maua. Nikaung'ata ulimi wangu ule ule.

Haboba akasema, "Hana jina. Baba yake mkubwa yuko kazini, forodhani. Akirudi atampa." Yule mtu akaangalia wanawake mmoja mmoja. Poni akasema, "Ndiyo, tunangoja." Na wengine wakasema, tunangoja. Shehe alikunja uso, lakini alifunga kitabu.

Basi mwanangu hana jina. Tunamwita Bwana Mdogo. Asuman amekasirika kidogo, mimi sijui niwe nini. Nilikuwa mwoga tena, dada?

Sadiya


Arua, 22 Aprili 1979

Sadiya mdogo wangu,

Assalaam alaikum wewe, na Asuman, na Bwana Mdogo anayevunja vikombe vyenu, na roho ya marehemu Haboba popote ilipo. Nasikia kigoda chake bado kiko barazani na hakuna anayethubutu kukikalia.

Serikali imeanguka, unajua. Huku watu hawashangilii. Wanafunga mizigo. Wanasema wanaokuja watatuuliza sisi Wanubi, tunaoitwa watu wa serikali hiyo, hesabu ya kila kitu, na nani atanisikiliza nikisema hata mimi nilikuwa nikitetemeka? Ondoga anapakia watu badala ya chumvi. Ameniahidi nafasi, lakini nina wazazi wanne wodini na mmoja hajajifungua. Nikimaliza nitawafuata. Nyinyi msinisubiri. Vukeni Sudani mapema.

Mwambie Driwaru abebe sindano zilizobaki. Popote mtakapolala, hata chini ya turubai, tafuteni kwanza pembe moja ya kuzalia, na wanawake wakae hapo na vitana vyao. Najua mnaogopa. Mimi pia.

Nimeliweka hili mwisho kwa sababu mkono ulikuwa haujakubali. Juzi alikuja kwangu karani mmoja aliyekamatwa pamoja na Tahiru siku ile. Milango ya huko walikofungwa imefunguliwa, ametembea sehemu kubwa ya njia. Nilimpa chakula cha yule wa pili, kile ninachokipika kila siku, akala chote. Kisha akaniambia. Tahiru hakuimaliza ile Januari. Hakuoshwa, hakusaliwa, hakuna anayejua wamemtupa wapi.

Kwa hiyo mliposoma Ijumaa ile, na mbuzi wenu, na Poni na kuni zake, na mimi nikakuita mjinga, mwenye karama alikuwa ameshakufa kweli. Ndiyo dua pekee aliyosomewa. Nilikukaripia kwa ajili yake, Sadiya, na sasa ndiyo ninayoishika nipate usingizi.

Hukuwa mwoga. Uliningojea.

Nimevua gauni la maua. Nimevaa nyeupe ya eda, nimefungua mlango, anayetaka kuona aone. Wewe, kabla hamjavuka, mchukue mtoto penye mlimao, mlipozika kondo lake, umwambie sikioni. Asiende ugenini hana jina.

Mwite Tahiru.

Dada yako,
Hawah